Hakuna Mtu Aliyeniambia, Dada

Uswidi, mwezi wa nne

Kwa dada yangu mpendwa Yasinta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa juani nje ya nyumba, si kitandani. Maungo yanaendeleaje? Magoti yanakunjika sasa? Na lile jasho limekwisha kabisa, au bado linakuja alfajiri? Baba na mama hawajambo? Masika yameshafika Tumati au mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa sababu siumwi popote, nakula, nalala, naenda darasani. Mengine utayasoma humu ndani.

Nimeamua kuandika kwa sababu mambo ya simu unayajua. Juzi kaka Petro alipokupandisha hadi pale kilimani juu ya kanisa ili mtandao ushike, uliniuliza, "Vero, niambie ukweli. Ni nani aliyekuambia habari za ng'ombe wa kule?" Nikasema, "Dada, hakuna mtu aliyeniambia." Ukacheka kile kicheko chako cha kutoamini, ukasema, "Basi ulikwenda kwa mganga wa Wazungu." Nikafungua mdomo nikueleze, simu ikakatika. Nilipopiga tena nikaambiwa haipatikani.

Tangu siku hiyo sina raha. Naona bado unaamini kuna mtu wa kwa mumeo, shemeji Yohana, aliyesafirisha maneno mpaka huku. Tafadhali dada, usimchukie mtu kwa ajili hiyo. Nikae nikusimulie tangu mwanzo, na ukishasoma msomee na mama, umgeuzie kwa Kiiraqw pale ambapo Kiswahili changu kimekuwa cha shule mno.

Nilipofika huku nilidhani baridi naijua. Mtu amezaliwa Tumati, amechunga kwenye ukungu bila viatu, atatishwa na baridi gani? Basi nimetishwa. Lakini hata hiyo baridi nimeizoea. Wamenipa koti zito na chumba kina joto. Nisichokizoea ni ukimya. Tunakaa watu wengi kwenye jengo moja, jiko ni la pamoja, na mtu akikukuta jikoni anainamisha kichwa kidogo, anachukua chakula chake, anaingia chumbani, anafunga mlango. Si wabaya. Ndivyo walivyolelewa. Mwanzoni nilikuwa namsalimia kila mtu njiani kama nyumbani. Siku moja nilimsalimia mzee kituoni kwa lugha yao, salamu niliyojifunza kwa shida, naye akageuka nyuma kutazama namsalimia nani. Tangu hapo nikaacha.

Kuna Jumatatu moja mwalimu aliniuliza jambo darasani, nikajibu, sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyetoka kuamka. Nikagundua sikuwa nimesema na mtu tangu Ijumaa. Nilikaa pale nikijifanya naandika, kumbe natafuta namna ya kuzuia machozi yasianguke kwenye karatasi. Mama aliponipigia wiki ile nilimwambia nina marafiki wengi. Usimwambie.

Ndiyo maana nikawa mtu wa maktaba. Usifikirie lile kabati la vitabu la shule ya msingi ambalo mwalimu mkuu alikuwa anatembea na ufunguo wake. Hii ni nyumba nzima, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha makubwa, meza ndefu zenye taa. Nilienda kwa sababu ndani yake kuna watu. Hawasemi nawe, lakini unasikia mtu anapekua karatasi, mwingine anakohoa, mwingine anavuta kiti. Mtu mpweke akisikia kiti kinavutwa anajua hayuko peke yake duniani.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kutafuta makala za kitaalamu kuhusu udongo, maana ndiyo masomo yangu, udongo na malisho. Makala ya kitaalamu ni hivi, dada. Mtaalamu akichunguza jambo, tuseme kwa nini mahindi yanadumaa mahali fulani, anaandika alichofanya na alichokiona. Kabla maandishi hayo hayajatolewa, wataalamu wengine wanayasoma na kuyakosoa, na yakiwa dhaifu yanarudishwa. Yakipita ndiyo yanachapwa kwenye jarida. Mimi nilizunguka kwenye rafu kutwa nzima nikitafuta makala hizo, sikuziona. Niliona aibu kuuliza. Kumbe siku hizi nyingi zimo ndani ya kompyuta, na chuo kinazilipia ili wanafunzi wasome. Unaingiza jina lako na neno la siri, mlango unafunguka.

Nikaketi mbele ya kompyuta nikaandika swali langu kwa Kiingereza, kwa adabu zote, kama ninavyomwuliza mkubwa: tafadhali naomba kufahamu kwa nini udongo wa milimani unapoteza rutuba. Ikajibu kwamba haikupata kitu. Nikaongeza maneno, nikadhani sikueleza vya kutosha. Haikupata kitu tena.

Pale kuna mkutubi, mama wa makamo anaitwa Gunilla, kazi yake ni kuwasaidia wanaotafuta. Alikuja akasimama pembeni yangu.

"Umekaa hapa muda mrefu na kioo chako ni cheupe," akasema. "Naweza kuona unachoandika?"

Nikamwonyesha. Akatabasamu, si kwa dharau.

"Ondoa tafadhali. Ondoa naomba. Kompyuta haina adabu, haisikii heshima. Ichagulie maneno mawili matatu yenye uzito, basi."

Nikabakiza udongo, rutuba, milima. Zikaja makala nyingi mno, za kusoma mpaka uzeeni. Akasema, "Sasa ongeza neno moja zipungue. Sehemu gani ya dunia?" Nikaongeza Tanzania. Zikapungua, zikawa za mtu kuweza kuzibeba.

Akanifundisha na kusoma kwenyewe. Alisema makala haisomwi kama hadithi. Kwanza unasoma muhtasari, yale maneno machache ya juu. Ukiona jambo lako limo, unaruka kwenda kuona mwisho walifikia wapi. Ndipo unarudi katikati uone walipima nini na kwa njia gani, maana wapo wanaosema makubwa baada ya kupima kidogo. Na nyuma kabisa yamo majina ya makala ambazo wenyewe walizisoma. Unafuata moja, nayo inakupeleka kwa nyingine. Nilipenda hilo la mwisho. Ilikuwa kama kuelekezwa nyumba kwa nyumba unapotafuta mtu kijijini.

Sasa nakuja kwenye jambo lako.

Krismasi ilipokaribia wanafunzi wote walirudi kwao. Jengo letu likabaki tupu, jikoni sahani yangu peke yake. Huku mwezi wa kumi na mbili jua linatoka kama limelazimishwa, na saa tisa alasiri ni giza. Maktaba ilikuwa bado wazi mchana kwa siku chache. Nikaenda. Ghorofa nzima nilikuwa mimi na Gunilla, yeye kule mezani kwake. Sikuwa na kazi ya kufanya. Nikajiwazia mlivyo siku hizo: mama anachagua maharage, baba anauliza nani atakwenda kutafuta nyama, watoto wa Petro wanafanya mazoezi ya kwaya. Nikaingia kwenye kompyuta nikaandika neno moja tu, Manyara. Sikuwa natafuta elimu yoyote, dada. Nilitaka tu kuona jina la kwetu limeandikwa mahali.

Zikaja habari za ziwa. Tembo, ndege, nyani, miti ya kando ya ziwa. Mkoa wetu bado mchanga, wasomi hawajauzoea. Kwao Manyara ni ziwa na wanyama wake. Nikafuta, nikaandika Mbulu. Humo ndimo tulimokuwemo, lakini nyingi zilikuwa bado zinasema Mbulu ya mkoa wa Arusha, kama zamani.

Moja ilikuwa juu ya mmomonyoko wa udongo. Nyingine ilikuwa ya mtu aliyechambua lugha yetu, vitenzi vyetu vyote amevipanga kama anavyopanga mtu vyombo kabatini. Ndani yake kulikuwa na sentensi za mfano kwa Kiiraqw, vitu vya kawaida tu, mwanamke anachota maji, mtoto anamwita baba yake. Nikazisoma kwa sauti. Nilianza kwa kunong'ona, halafu nikasoma kama ninavyosema nyumbani. Gunilla aliinua kichwa akanitazama, kisha akarudi kwenye kazi yake, akaniacha. Nililia siku ile, lakini kilikuwa kilio cha kunisaidia.

Chini ya hiyo kulikuwa na makala ya watu wa mifugo. Niliifungua kwa sababu tu ilitaja nyanda za Hanang, nikasema ngoja nione wamesema nini kuhusu huko alikoolewa dada yangu. Ilihusu ule ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba, wenyewe wanauita brusela. Bwana mifugo wa zamani alikuwa akiutaja, unakumbuka, kabla josho la kijiji halijafa na yeye kuacha kupita, tukaachiwa maduka ya dawa kila mtu ajitibie. Nilikuwa najua ni ugonjwa wa ng'ombe. Sikujua kwamba unampata na mtu. Unampata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, na kwa kushika kwa mikono mitupu ndama aliyetupwa au kondo la nyuma. Na mtu ukimpata anakuwa na homa inayokwenda na kurudi, jasho linalolowesha shuka, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioisha. Wakasema mara nyingi watu hao hutibiwa malaria miaka na miaka.

Dada, nilitoa mikono kwenye kompyuta. Nilikuona wewe. Nilikuona ulipokuja kuniaga kabla sijasafiri, umevaa sweta mbili na bado unatetemeka, na mfuko wa dawa za malaria mkononi. Nilikumbuka ulivyonisimulia jinsi ulivyokuwa ukiwazalisha ng'ombe wa mkwe wako kwa sababu mikono yako ni midogo, na ulivyokuwa ukisifiwa kwa hilo. Nilikumbuka mimba yako ya kwanza, na ya pili, zote zilivyoharibika. Na nilikumbuka nilivyosimuliwa simuni, nikiwa nimeshaondoka, shemeji alivyokurudisha Tumati, hakusema neno baya, lakini alikushusha na sanduku lako.

Basi nikaanza kutafuta kwa nguvu. Niliandika brusela na mimba na wanawake. Makala moja muhtasari wake ulisema jambo lilelile nililokuwa nalitafuta, lakini nilipotaka kuifungua ikakataa. Chuo chetu hakikuwa na jarida hilo. Nikamfuata Gunilla. Akaniuliza, "Hii ni ya masomo yako ya udongo?" Nikasema hapana. Nikaongeza kwamba ni kwa ajili ya mtu anayeumwa. Akasema, "Sawa. Nitaiomba kwenye maktaba nyingine, lakini sasa watu wako likizo. Itabidi usubiri."

Nikasubiri. Hizo ndizo zilikuwa siku mbaya kuliko zote. Ungekuwa karibu ningekimbia nikuulize. Lakini nilijiambia, nikimpigia sasa nikamtia matumaini halafu isiwe kweli, nitakuwa nimemwumiza mtu aliyekwisha kuumizwa. Krismasi nililia chumbani, nikala wali na samaki wa kopo, nikaimba zile nyimbo zetu mwenyewe nikiziba pengo la sauti ya pili kwa kuwaza tu sauti yako.

Makala ilikuja baada ya mwaka mpya. Niliisoma nikiwa na kamusi pembeni, maana maneno ya kidaktari si ya udongo. Ilisema ndiyo, kwa wanawake pia hutokea mimba kuharibika. Nikafuata majina yaliyokuwa nyuma yake, nikakuta nyingine iliyosema watu wasiharakishe, bado jambo hilo halijathibitishwa sawasawa kwa binadamu kama kwa ng'ombe. Nilikasirika, nikampelekea Gunilla zote mbili. "Sasa nimwamini nani?" nikamwuliza. "Hawa wote ni wasomi."

Akakaa nami. Akasema, "Wanabishana kuhusu mimba. Je, kuhusu homa wanabishana?"

Nikatazama tena. Hapana, kuhusu homa na viungo na maziwa wote walikuwa na neno moja. Na wote walisema kuna kipimo cha damu, na dawa ipo.

"Basi," akasema, "makala haiwezi kukuambia mtu huyo anaumwa nini. Inaweza kukuambia akapimwe nini."

Ndipo nikakupigia. Unaikumbuka siku ile. Nilianza na salamu nyingi kwa sababu niliogopa. Halafu nikakuuliza, "Dada, ng'ombe wa kwa shemeji waliwahi kutupa mimba?"

Nikadhani mtandao umekwenda. Nikasikia upepo wa pale juu, nikasikia na pumzi yako.

"Nani amekuambia?" ukasema. Sauti yako ilikuwa imebadilika.

"Sijaambiwa. Nauliza tu."

"Vero, nani amekuambia? Hilo sijamwambia mtu. Hata mama sijamwambia."

Ukaanza kulia, na ndipo ukanieleza. Kwamba walitupa, wengi, mwaka uleule uliokwenda kule. Kwamba mama mkwe wako alisema ni wewe uliyeingia na mkosi, ng'ombe wameanza na mwanamke amefuata. Kwamba uliogopa kulileta neno hilo nyumbani, kwa sababu mama angeliamini. Ulikuwa umelibeba peke yako muda wote ule, umekaa kwenye kile kibanda cha nyuma kama wazee wanavyotaka kwa mwanamke aliyeharibikiwa mimba, sahani yako mbali na sahani za wengine, watu wakikuletea maji kwa kunyoosha mkono.

Mimi nilikuwa najiona mpweke huku, dada. Kumbe wewe ulikuwa katikati ya watu wetu, umbali wa uga tu, na hukuwa na mtu. Tangu siku ile nimeona haya kujililia.

Nilikuambia uende hospitali ukaombe kipimo cha brusela, na ukasema, "Nimechoka kuchomwa sindano, wameshasema malaria." Kisha mama, aliyekuwa amekungoja mbali kidogo, akachukua simu akasema huwezi kupanda gari na watu wengine katika hali hiyo, maana padre alikwisha kumwambia mila hiyo iachwe lakini yeye bado anaishika. Sikubishana na mama. Nilimwomba Petro. Nilimsomea herufi za jina la ugonjwa moja moja, akaliandika kwenye kiganja. Kaka yetu si mtu wa maneno, alisema tu, "Kesho nampeleka." Nasikia alikukodia pikipiki hadi Endagikot, mkashukia pale mkaenda hospitali kwa miguu taratibu, wewe ukijishikilia begani kwake, na mama akabaki mlangoni hakuaga.

Siku ya majibu nilikuwa maktaba. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaona namba ya Petro. Mule ndani hairuhusiwi kuongea, nikatoka mbio nikaacha koti kwenye kiti. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Petro akasema, "Wameiona. Ni hiyohiyo uliyoitaja. Daktari anauliza nani alituelekeza, nikamwambia mdogo wetu yuko Ulaya anasoma udongo." Akacheka. Nilikuwa sijamsikia Petro anacheka tangu akiwa mvulana. Akasema mmepewa vidonge vya wiki nyingi, na sindano, na kwamba wameagiza shemeji naye aitwe apimwe, na nyumba nzima ya kule wachemshe maziwa.

Simu ilipokwisha nilibaki nimesimama pale. Watu walikuwa wanapita wakienda na shughuli zao. Nilitaka kumshika mtu yeyote nimwambie, dada yangu si mkosi, dada yangu ni mgonjwa na dawa ipo! Ningekuwa kwetu ningepiga vigelegele mpaka watu wa Nambis wasikie. Huku nilijifuta uso, nikarudi ndani, nikaketi mbele ya kazi yangu ya udongo.

Gunilla akaja na koti langu, lilikuwa limeanguka chini ya kiti. Aliniona theluji kichwani. Nikamwambia, "Yule mtu niliyekuwa namtafutia makala ni dada yangu. Wamempima. Ni kweli anaumwa ugonjwa ule."

Hakusema pole wala hongera. Aliketi, akauliza, "Anaitwa nani?"

"Yasinta."

Akalirudia mpaka akalipata sawasawa. Dada, tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jina la mtu wangu hata mmoja. Nilimweleza habari zako, na za mama, na za ng'ombe, na akasikiliza mpaka wakati wa kufunga. Ndiyo siku pekee niliyotoka mle nikiwa nimeongea ya moyoni.

Petro alinipigia tena baadaye, bila wewe kujua, akaniambia jambo ambalo wewe hukunisimulia. Alisema siku mliporudi hospitali mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka akaenda kwenye kibanda cha nyuma mwenyewe. Mkadhani amekasirika. Akatoka na godoro lako kichwani. Akapita nalo katikati ya uga mchana kweupe, majirani wakiwa wamesimama, akaliingiza ndani akalitandika kando ya kitanda chake. Halafu akatoka na sahani yako akaiosha pamoja na nyingine zote. Petro anasema baba alijifanya anarekebisha jembe.

Nimelisikia jambo hilo mara moja tu kwenye simu mbovu, lakini naliona kila siku. Ningetoa chochote niwe nimesimama pale ugani. Nilikuwa mbali, na nitaendelea kuwa mbali mpaka masomo yaishe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko baridi yote ya huku.

Kuhusu shemeji Yohana. Umeniambia kwamba alikuja mwenyewe Tumati, amepimwa na yeye anao, na anatumia dawa. Alikaa mbele ya baba amekunja mikono akisema anataka urudi. Ukaniuliza nasemaje. Dada, hilo sina mahali pa kulitafuta. Najua kwamba alikuwa mgonjwa kama wewe na wala hakujua. Najua pia kwamba alisikia mama yake anakuita mkosi akanyamaza. Yote mawili ni kweli. Maliza dawa kwanza, hata ukijisikia umepona usiache hata kidonge kimoja, maana ugonjwa huu hujificha ukarudi. Nenepa kidogo. Lala kando ya mama. Halafu utaamua mwenyewe, na ukienda utaenda kama mtu aliyeombwa, na ukibaki hakuna atakayekurudisha kibandani. Mama mkwe wako usimlaani. Lakini kama utamzalishia ng'ombe tena, anunue glavu.

Nisalimie baba, shikamoo yake, mwambie jembe lile sasa liwe limekwisha kurekebishwa. Mama shikamoo yake, na umbusu mkono kwa niaba yangu bila kumweleza sababu. Kaka Petro shikamoo, na wifi yangu na watoto wao, na yule mkubwa aimbaye sauti ya pili mwambie nasikia anaimba vizuri. Mama mdogo wa Nambis msalimie sana, na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga aliyekuwa akikuletea uji hata wakati watu walipokukwepa. Mwambie Veronika amesikia.

Ukipata nguvu ya kushika kalamu niandikie hata ukurasa mmoja. Usitafute habari kubwa. Niambie maharage yamechanua au la, nani amegombana na nani kwenye kwaya, mmekula nini Jumapili. Nitausoma jikoni kwa sauti, na atakayeingia na aingie.

Wako wa tumbo moja, anayekukumbuka asubuhi na jioni,

Veronika